Jua Halina Husuda

Mwanne alikuwa akitwanga mtama, huku mwanawe Shamimu akifagia uwanja. Mvua kubwa za mwaka ule ziliiangusha nyumba yao kijijini Kolo. Sasa waliishi pembeni mwa mji wa Dodoma, kwenye tembe la kupanga. Juu, kwenye paa bapa la udongo, Hasani, mumewe, alianika mtama.

Ghafla ufagio ukanyamaza.

"Mbona umesimama kama nguzo?"

"Mama, siwezi kutembea. Huku chini pananiwasha, panauma."

"Tena!"

Shamimu akalia. Yeye ndiye mfungaji wa mpira wa pete shuleni, na fainali ilikuwa mwezi ujao. "Mwalimu amesema nikiendelea hivi, ataweka mwingine."

Mwanne akaweka mchi chini. Kila hedhi ikiisha, mtoto anabaki na vidonda. Nani kamtupia jicho mwanangu? akajiuliza.

Akamwendea jirani yake Bupe, mhudumu wa zahanati, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Vitambaa vyake anaanika wapi?" Bupe aliuliza.

"Taratibu, dada! Wanaume watasikia. Anaficha chini ya godoro. Mtu mbaya akiviona, si atamfunga kizazi?"

"Hebu tukaone."

Bupe akafunua godoro. Uvundo ukawapokea. Vipande vya kanga kuukuu vilikuwa vibichi, vina madoa ya ukungu.

"Na sabuni?"

"Maji yenyewe tunabeba kutoka mbali. Anasuuza tu."

"Basi mchawi umempata, Mama Shamimu. Ni hili godoro! Wazee walisema mficha uchi hazai. Kitambaa kichafu chenye unyevu kinaleta vidonda na magonjwa."

Mwanne akakaa chini. Kumbe ni yeye mwenyewe, aliyemfundisha mtoto kuficha!

Siku hiyo hiyo walimpeleka Shamimu zahanati, akapewa dawa. Njiani kurudi Bupe alieleza. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na maji safi. Kianikwe juani mpaka kikauke kabisa. Abadili asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Anawe mikono. Asiazime cha mwenzake.

"Juani, watu wote waone?"

Walikuwa wamefika nyumbani; Bupe akaonyesha paa la tembe. "Mtama wenu kule unaonwa na nani?"

"Na ndege tu."

"Jua nalo halina husuda."

"Na baba yake akipanda?"

"Si ndiye anayetaka wajukuu?"

Mwanne akacheka bila kupenda. Akatoa kanga yake nzuri, akaichana vipande.

Siku ya fainali ilimkuta Shamimu katika hedhi. Lakini mtoto alivaa kitambaa kikavu, akabeba kingine mfukoni, akaingia uwanjani. Aliruka kama swala.

"Rusha, mama yangu, rusha!" Mwanne alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Goli la ushindi likaingia. Vigelegele!

Walirudi nyumbani wakiimba, Shamimu amekumbatia mpira wa zawadi. Mawingu yalikuwa yametanda. Juu ya paa alisimama Hasani, mikono imejaa.

"Mama Shamimu, pokea haraka! Vitambaa vya mtoto visilowe!"

Mwanne alitamani ardhi ipasuke. "Na mtama, je?"

"Mtama utangoja!"

Shamimu akauficha uso nyuma ya mpira, akicheka.

Nawe mama unayesoma, godoro la binti yako ulilifunua lini? Kalifunue leo, jua lingali juu.