Wageni wa Ukutani kwa Bi Mwanamkasi

Fundi chokaa kama Uweso hajazaliwa tena Tanga nzima, wala hatazaliwa. Akipaka ukuta asubuhi, mchana ndege wanaugonga kwa vichwa wakidhani ni mwangaza wa mbinguni. Nusu ya nyumba za Ngamiani zilipita mkononi mwake, na hiyo nusu nyingine ilikuwa inamngoja.

Basi mwaka ule mkonge ulipopanda bei, malori yakawa hayakatiki barabarani, akaitwa Pongwe kwa Bi Mwanamkasi, bibi mwenye hoteli ya kulaza madereva. Alifika jua linazama, debe la chokaa kichwani. Nyuma yake mkewe, Mboni, kabeba burashi na sufuria ya chakula.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, wanangu. Ukuta wenyewe huo hapo. Nautaka mweupe kabla madereva hawajaja."

Uweso akautazama. Ukutani palikuwa na picha, tena kubwa, toka sakafuni hadi darini. Aliyechorwa si mfalme wala simba. Ilikuwa hoteli hiyo hiyo waliyosimama ndani yake! Bati lake, mlango wake wa buluu, lori limeegeshwa pembeni. Barazani umetandikwa mkeka, juu ya mkeka sinia la wali, na watu wamelizunguka.

Hakuna aliyekuwa akila. Mikono yao ilikuwa magotini, na macho yao yote yalitazama huku. Chumbani.

"Kachora nani?" akauliza Mboni.

"Mpemba mmoja, akiitwa Jaku. Alilala hapa ana homa, akawa anachora kwa masizi na udongo mwekundu. Siku aliyomaliza tulikuta chumba chake kitupu. Mlango umefungwa kwa ndani."

"Na yeye yumo humo pichani?"

Bi Mwanamkasi akajifanya hakusikia. "Mkitaka kula, kuleni jikoni. Humu msile." Akaenda zake uani kuswali magharibi.

Uweso akacheka. "Mimi nikale jikoni na kuku? Mimi niliyekula msituni Amani, chui wawili wamenikalia mbele, wakaona haya wenyewe wakaondoka?"

"Chui gani, baba Saleha? Juzi paka kakulilia dirishani ukapanda kitandani na viatu."

"Pakua, mwanamke. Chokaa haipakwi kwa njaa."

Mboni akatandika mkeka, akawasha kandili, akapakua wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga. Uweso akafinyanga tonge. Akainua macho.

Wale watu walikuwa wanamtazama yeye. Wanatazama tonge.

Sasa, mtu wa pwani hawezi kutia chakula mdomoni na mwenzake anamwangalia, asimkaribishe. Ni aibu. Hata awe adui yake, ulimi unakwenda wenyewe.

"Karibuni," akasema Uweso.

Mboni akaangua kicheko. "Makubwa! Mume wangu anakaribisha ukuta!"

"Wananikodolea macho, nifanyeje?" Akalitia tonge mdomoni.

Kicheko cha Mboni kikakatika katikati.

Kwa sababu kuna mtu alijibu.

"Tumekaribia."

Sauti ya kiume. Ya chini... kama inatoka ndani ya mtungi.

Kandili likafifia. Chumba kikajaa harufu ya udongo mbichi na jasho la mgonjwa. Kwenye bakuli la maji ya kunawa kukasikika chwa... chwa... chwa... Mtu ananawa. Akimaliza, mwingine ananawa.

Halafu wali ukaanza kumegwa. Huku ukamegwa, kule ukamegwa. Alama za vidole zilionekana, vidole havikuonekana. Changu akageuzwa upande wa pili, akabaki miba.

Uweso, yule yule wa chui, alikuwa ameganda kama gogo. Tonge liko mdomoni, halimezeki wala halitemeki.

Sahani ikawa tupu.

Kisha ile sauti ikaja karibu kabisa na sikio la Mboni.

"Mmetukirimu. Na nyinyi karibuni kwetu."

Uweso akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Akamtolea mkewe macho: nyamaza! Lakini Mboni alikuwa mtoto wa watu, kalelewa Mtang'ata kwenye adabu zake. Akikaribishwa, hajui kunyamaza. Na kwetu sisi, neno la kukataa kwa upole ndilo hilo hilo la kukubali.

"Ahsanteni," akanong'ona.

Yeye alikuwa anakataa.

Wao wakasikia amekubali.

Kandili likazimika. Mkeka ukakwaruza sakafu... kama mtu anainuka. Uweso akapapasa kibiriti, njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka.

Pale alipoketi Mboni palikuwa na joto tu.

Ukutani, kwenye mkeka wa barazani, palikuwa na mwanamke ameketi, amempa mgongo. Kanga yake ina kiraka pindoni, kiraka ambacho Uweso alikishona mwenyewe. Akagusa.

Rangi ilikuwa mbichi.

Alipiga ukelele hata waliokuwa Muheza wakatoka nje kuuliza kuna nini. Bi Mwanamkasi akaja mbio, akaiona sahani.

"Mlikula humu?"

"Nirudishie mke wangu!"

"Nani aliwajibu? Alisema 'ahsante'?" Bibi akakaa chini pale pale. "Kombo, mpishi wangu, naye alisema hivyo hivyo. Yule pale, wa kofia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuja?"

Uweso akalitazama debe lake la chokaa. "Na nikipaka?"

"Labda utawazika wao. Labda utamzika mkeo. Sijui, mwanangu. Wallahi sijui."

Uweso akalibeba debe, akalimwaga lote barabarani.

Toka hapo hakushika burashi tena. Kila magharibi alikwenda Pongwe na chakula alichopika bintiye Saleha, akaketi mbele ya ukuta, akasema, "Karibu, Mboni." Alimtaja jina ili wengine wasije. Walikuja vile vile. Walinawa, wakala, wakaaga. Yeye aliziba mdomo wakimkaribisha. Mboni hakugeuka. Uweso alikuwa anangoja neno moja tu kwake, aseme "nimekaribia", amdake mkono amvute.

Mwezi wa Shaabani akaenda na samaki wa kupaka, ambaye Mboni alikuwa akimnyang'anya hadi kichwa.

"Karibu, Mboni."

Siku hiyo hakunawa mtu. Maji kwenye bakuli yalitulia tuli. Harufu ya udongo ikapanda...

Kisha ikaja sauti ya mkewe mwenyewe, ile ile ya nyumbani, ya uchangamfu.

"Kula tu, baba Saleha. Mimi nimeshiba."

Uweso akalisogeza kandili ukutani. Sinia la pichani lilikuwa tupu. Yule wa kofia, Kombo, hayupo tena mkekani.

Na Mboni bado kampa mgongo. Lakini lile shavu lake lililoonekana kidogo kwa pembeni lilikuwa linapanda... linashuka... linapanda...

Alikuwa anatafuna.