Hesabu Iliyokalia Ndoa Yetu

Kwii! Kwii! Chaki ililia nyuma ya mlango kabla sijagonga. Nikajua tumekwisha.

Nikausukuma. Mchumba wangu, mhadhiri wa hisabati, alikuwa ndani ya gauni jipya, anafuta ubao kwa kiganja.

"Unafuta nini? Jana ulisema umethibitisha!"

"Kuna tobo."

"Tobo! Shangazi yangu na mama yako wako sebuleni wanasubiri tarehe ya ndoa, wewe una tobo?"

"Nilisema nitaitaja nikimaliza. Sijamaliza."

"Mabingwa wameshindwa miaka na miaka, halafu mimi ndiye ningoje?"

Simu yake ikatetemeka. Ujumbe wa mama yake, kutoka sebuleni: "Nimekaa mpaka kiti kimenichoka. Mnatoka au nivue viatu?"

"Nieleze basi," nikasema, damu inachemka. "Nimjue huyo mwanamume mwenzangu."

"Chukua kundi la vitu vinavyozidishana, lenye mwisho, lisilogawanyika. Chagua vitu vitatu ndani yake ambavyo ukivizidishazidisha vinalizaa kundi zima. Kila hatua unabadilisha kimoja tu, kwa kukizidisha na mwenzake. Viwili vinabaki vilivyo. Inadhaniwa utafika kwenye vitatu vingine vyovyote vinavyolizaa. Hakuna aliyethibitisha."

"Na kundi halipotei njiani?"

"Halipotei. Hilo ndilo rahisi."

"Ehe! Una hesabu, una mama, una mimi. Hesabu ikiharibika, mbona unatufuta sote? Tarehe hutaji, nyumba tuliyoiona umefuta, simu zangu hupokei. Sheria yako mwenyewe inasema kimoja! Badilisha hesabu, sisi tuache tulivyo!"

Akajikuna pua, ikabaki nyeupe kwa chaki. Kisha akacheka, na hicho kicheko kikanizidishia hasira.

"Wewe bwana, ndoa unaifananisha na makundi?"

"Nani aliyeanza?"

Shangazi akaniita kwa sauti kutoka sebuleni: "Baba, huyo bibi harusi yuko hai?"

Mchumba wangu akanipita mlangoni, nikamfuata, akaenda kusimama mbele ya mama yake na ile pua yake nyeupe.

"Mama, hesabu imetoboka."

"Tena?" Mama akaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu, chini ya meza.

"Tena. Lakini kaa, mama. Naahidi mbele yenu: Jumamosi ya kwanza mwezi ujao naolewa na huyu mkali wenu, hata kama tobo bado liko wazi."