Msumari wa Mlango wa Stoo

Mniwie radhi mapema: hadithi hii nitaiharibu. Mimi nikisimulia msiba watu hushika mbavu, nikisimulia harusi wanauliza maiti ni nani. Lakini waliostahili kuisimulia hawataki hata kuitaja, basi mmebaki nami, kama ukoko chini ya sufuria.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu kama hotuba ya bwana harusi aliyepewa kipaza sauti. Sebule mbele, karakana ya kushonea nguo upande wa geti, jiko, kisha korido iliyokwenda, ikaenda, hadi chumba cha Bibi, na mwisho kabisa stoo. Waifai ilikuwa ikifika jikoni inakata roho.

Mwenye nyumba, Mama Cherehani, alitaka ifike kwa Bibi, mama yake mzazi, aliyepooza na kupoteza kauli miaka miwili nyuma. Angeweka kamera kando ya kitanda, awe anashona huku anamtazama kwenye simu.

"Fundi, siku moja atapaliwa na mate nami nimeinamia cherehani. Nitajisamehe vipi?"

"Mama, nipe mpaka adhuhuri. Hata panya wa stoo watapata mtandao."

Fundi akatundika visanduku vyake vya kurushia mawimbi, kila kimoja akikipa jina kwenye simu: Sebule, Karakana, Jiko. Cha nne, Bibi, kilitaka kukaa juu ya mlango wa stoo. Palepale alipotaka kutoboa palikuwa na msumari mnene wenye kutu, umezungushiwa uzi mweusi.

"Ung'oe tu," alisema Shemeji, mdogo wa marehemu mume wa Mama Cherehani, mtu wa mizaha, ameshika ngazi kwa mkono mmoja na mkate kwa mwingine. "Msumari mmoja una nini?"

Koleo likauma msumari. Chumbani kwake, mlango ukiwa wazi, Bibi akaanza kugonga kikombe kwenye ubao wa kitanda: ko, ko, ko. Macho yamemtoka.

"Bibi naye anataka nywila!" Shemeji akapiga kelele.

Fundi alicheka hadi ngazi ikatikisika. Msumari ukatoka, ukaanguka sakafuni, na kwenye tundu lake ikatoka harufu ya nywele zilizoungua.

Siku ya tatu, saa nane mchana, simu ya fundi ikaita. Mama Cherehani alikuwa ananong'ona.

"Fundi, mama ameongea."

"Alhamdulillahi! Hongera!"

"Ameongea kwenye simu. Nimekimbia kwake. Mdomo umefumba, machozi yanamtiririka, na simu mkononi mwangu bado inasema, 'Mwanangu, njoo.'"

Fundi alifika akihema. Visanduku alivyofunga ni vinne. Orodha ilionyesha vitano. Sebule, Karakana, Jiko, Bibi. Cha tano kiliitwa Mwenyewe.

"Nani ameongeza hiki?"



Fundi akaanza kutembea koridoni akifuata mawimbi ya Mwenyewe, jikoni vijiti viwili, kati ya korido vitatu, mlangoni kwa Bibi vinne, na kila hatua ile harufu ya nywele ikizidi kumkaba, na ndani ya kila kisanduku alichokipita, alichokitundika kwa mikono yake mwenyewe, ikatoka pumzi, kwanza kama ya mtu aliyelala, kisha kama ya mtu anayemfuata nyuma, akachomoa waya na taa ya kijani ikaendelea kuwaka, akachomoa wa pili, ikawaka, mpaka akafika stoo, ambako sauti ya Bibi, changamfu, ya ujana, ilimwambia sikioni: "Asante, fundi. Miaka arobaini nilikuwa sifiki hata jikoni."

Mganga aliyeitwa alikuwa mtoto wa yule aliyeupigilia msumari. Hakutaka kukaa.

"Baba yangu alimfungia pepo huyu kwenye chumba kimoja," alisema chinichini. "Nyinyi mmempa nyumba nzima. Nileteeni msumari uleule. Mwingine hautamshika."

Walifagia, wakakung'uta mikeka, wakapekua hadi vitambaa vya karakana. Bibi akanyanyua mkono wake mmoja unaomtii, akamnyooshea Shemeji kidole, kikashuka taratibu hadi miguuni pake.

"Bado anataka nywila," alisema Shemeji.

Safari hii hakucheka mtu.

Wakahama kabla jua halijazama. Bibi walimbeba, sauti yake waliiacha. Ukipita getini mchana utaisikia karakanani, inaita watoto wa mtaa kwa majina yao. Fundi sasa anafuga kuku, na hata bandani hathubutu kuvuta waya.

Yule Shemeji ni mimi. Siku ile soli ya kiatu changu ilikuwa imeachama, nikauokota msumari, nikaupigilia. Mganga alipouliza, nilikuwa nimeukanyaga msumari wenyewe. Ningesema, ila mchekeshaji huogopa jambo moja tu duniani: kuchekwa bila kujipanga. Nilipopata ujasiri wa kuurudisha, soli ilikuwa na tundu tupu, msumari umedondoka nisikokujua.

Kwangu sijawahi kuweka waifai. Lakini simu yangu inaonyesha vijiti vinne, mtandao unaitwa Mwenyewe, na hauniombi nywila. Uniombe ya nini? Mlango nilimfungulia mimi, tena kwa kicheko.