Furukombe wa Ukutani

Kila asubuhi, baada ya kufagia darasa na kumwagilia miche, wanafunzi wa darasa la sita walikimbilia ukuta wa nyuma wa shule. Hapo fundi rangi alikuwa akichora ramani ya nchi yao, kubwa kuliko lori. Kaskazini alikuwa ameweka jangwa. Katikati palikuwa na uwanda wa nyasi na twiga, mnyama wa taifa. Mashariki ulisimama mlima, na ubavuni mwake likachanua ua la taifa. Magharibi, katika mkoa wa maziwa, paliachwa nafasi ya furukombe, ndege wa taifa.

"Picha ya kitabuni haina rangi," alisema mwalimu wa jiografia. "Nani amewahi kumwona furukombe?"

Msichana mmoja aliinua mkono. Alipenda kusema hata wenzake wakambandika jina la Kinanda.

"Mimi, mwalimu. Shangazi yangu anaishi kule ziwani. Furukombe ni mweusi tii, ila kichwa ni chekundu."

Shangazi alikuwepo kweli, lakini Kinanda hakuwahi kufika kwake. Fundi alichovya brashi kwenye rangi nyeusi. Kufikia jioni ndege alikuwa tayari, na wenzake wakampigia Kinanda makofi. Naye alitabasamu, ingawa moyoni kitu kilimkereketa kama mchanga jichoni.

Likizo fupi ilipofika, baada ya Kinanda kumsihi sana, baba yake alimpeleka kwa shangazi kwa basi. Kinanda alikaa dirishani. Alidhani anaijua nchi kwa kuwa ameiona ukutani. Kumbe ule uwanda ambao fundi aliuchora kwa upana wa kiganja ulichukua asubuhi nzima kuuvuka, nyasi zikienda mpaka zikagusana na mbingu. Kisha barabara ikateremka bondeni, masikio yakaziba, na mbele yao likatokea ziwa lisiloonekana ng'ambo. Kinanda alibandika uso kwenye kioo cha dirisha.

Shangazi yake alikuwa mpima maji. Kila alfajiri alikwenda gatini kusoma kimo cha ziwa kwenye nguzo yenye alama. Kesho yake wakafuatana.

"Shangazi, furukombe yuko wapi?"

"Vumilia, mwanangu. Yule hapangi miadi na mtu."

Walikuwa wakigeuka kuondoka sauti kali ilipopasua anga. Juu ya mti mkavu, ndege mkubwa alikuwa amerusha kichwa nyuma, akiita. Kichwa na kifua vilikuwa vyeupe pe, tumbo lina rangi ya kutu, mabawa meusi. Akajiachia, akashuka karibu kabisa na maji, kucha zikazama mara moja tu, akapaa na samaki anayemeta. Matone yalidondoka nyuma yake kama shanga zilizokatika uzi. Kinanda alijikuta ameushika mkono wa shangazi kwa nguvu, machozi yakimtoka.

"Sasa unalia nini?"

"Ni mzuri mno, shangazi. Na mimi nimewaambia shuleni kwamba ni mweusi. Wamemchora hivyo hivyo."

Shangazi hakumgombeza. "Ukuta hupakwa upya," alisema. "Ila nani mwingine kule anajua kwamba umekosewa?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

"Basi kazi hiyo ni yako."

Asubuhi zote zilizobaki Kinanda alikaa gatini akimtazama yule ndege, mpaka akajua mdomo wake una umanjano wapi na unaanzia wapi kuwa mweusi.

Shule ilipofunguliwa, alisimama ukutani mbele ya mwalimu, wenzake na fundi, aliyekuwa bado akimalizia ramani.

"Mwalimu, nilisema uongo. Sikuwa nimemwona furukombe. Sasa nimemwona, na si huyu."

"Leo kinanda kimetoa sauti mbovu," mwenzake mmoja alisema, wengine wakacheka.

Fundi rangi aliweka chini kopo lake. "Siku nzima ya kazi yangu," alisema taratibu.

"Nisamehe, fundi. Nitamkwangua mwenyewe."

Alikwangua baada ya masomo, siku ile na iliyofuata, mpaka vidole vikavimba. Siku ya pili yule aliyemdhihaki alikuja na kisu butu, akaanza upande wa mkia. Ukuta ulipokuwa safi, fundi alimwita Kinanda. "Haya, nieleze. Polepole."

Akamweleza. Fundi alipomaliza, furukombe alikuwa amerusha kichwa nyuma juu ya ziwa, mweupe kifuani, hata watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wakipita wakipiga kelele walisimama, wakanyamaza.

Mwalimu alimgeukia Kinanda.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Yako, Kinanda, imekufikisha ziwani, na umerudi salama kwa sababu umesema kweli. Nchi yetu ni kubwa, wanangu. Hata mimi sijaimaliza. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui, kisha nenda ukaone."