Vipande Viwili vya Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Chiriku alitunga uzi kwenye sindano kumi na mbili. Sita uzi mweusi, sita uzi mweupe. Alizichomeka kwenye kimto kidogo kilichokaa kando ya cherehani ya babu yake, kisha akaondoka bila kusema neno.

Kutosema neno hakukuwa jambo dogo kwake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani walimbandika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini kulikuwa na jambo moja aliloamriwa kulinyamazia: macho ya babu.

Babu alikuwa fundi cherehani. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia, pasi, na makoti ya watu ukutani. Alikuwa ameshona humo miaka arobaini. Sasa, huu mwaka wa pili, alikuwa akigombana na kila kitu kilichomo. Balbu haina nguvu. Ikabadilishwa mara tatu. Chaki za siku hizi hazichori. Nyuzi za siku hizi zina manyoya. Hata watengeneza sindano, alilalamika, wameanza ubahili wa matundu.

"Tundu ni lile lile, Babu," Chiriku aliwahi kumwambia.

"Kitendawili!" Babu akamkatiza.

"Tega."

"Ndege wangu ana mkia mrefu, kila akiruka mkia unapungua."

"Sindano na uzi. Lakini Babu, mimi sikuuliza hilo!"

"Umejibu vizuri. Haya, shule."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza habari ya macho, anakutegea kitendawili. Ukikitegua, anakutegea kingine, mpaka usahau ulichokuja nacho.

Mama naye hakuwa na nafuu. Alikuwa mfua nguo wa hospitali, na kila siku alipita na toroli lake la mashuka mbele ya mlango wa kliniki ya macho.

"Mama, si unapita pale pale?" Chiriku alimlalamikia jikoni. "Kwa nini usimpeleke?"

"Usimvunje moyo babu yako. Mtu mzima haambiwi amezeeka."

"Sisemi amezeeka. Nasema haoni!"

"Shusha sauti! Palipopinda wewe pafumue, upashone upya. Yatosha."

Basi kila alasiri, wenzake wakicheza, Chiriku alikaa na wembe akifumua. Leo kola iliyoshonwa juu chini, kesho mfuko wa suruali ulioshonwa mpaka ukafungwa mdomo, usiingie hata kidole. Hesabu za shule alizifanya juu juu. Mwalimu akamuuliza kwa nini siku hizi anasinzia. Akajibu, "Sijui." Alijua sana.

Kisha akaja mwoka mikate wa mtaa wa pili, mtu mnene mwenye maneno mengi, akileta kitambaa kizuri cha buluu. Alitaka koti la kuvaa siku ambayo mwanawe angehitimu chuo. Kitambaa kile kilikuwa na uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Babu alikikata Chiriku akiwa darasani.

Jumamosi mwoka mikate akaja kupima. Babu akamvalisha koti lililoshikizwa kwa pini. Yule bwana akajitazama kiooni, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Fundi, huku nang'aa, huku nimefifia. Mimi ni mtu mmoja au wawili?"

"Ni mwanga wa dirisha," Babu akasema.

"Mwanga gani, mzee wangu?" Akakichomoa kipande cha mbele cha kulia, akakigeuza ili uso wake utazame nje. Mkato wa kwapa ukahamia tumboni. Akakirudisha, ukaja kwapani, lakini mgongo wa kitambaa ndio uliotoka nje. "Ala! Umenikatia vipande viwili vya kushoto! Upande wa kushoto mimi ninao mmoja tu!"

Mama akachungulia mlangoni, mikono ina povu la sabuni. "Usijali, kaka. Mtoto atafumua, atashona upya."

Hapo Chiriku uvumilivu ukamwishia.

"Nifumue nini, Mama? Mshono hufumuliwa. Mkasi haufumuliwi!" Sauti yake ikapanda. "Babu haoni! Hajui tena uso wa kitambaa wala mgongo wake. Sindano natunga mimi. Nguo za watu nafumua mimi. Kila siku tunasema balbu, balbu! Nimechoka!"

"Chiriku!" Mama akafoka.

Babu aliikaza mikono yake juu ya meza. "Kitendawili," akasema, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

"Sitegui. Leo natega mimi. Kitendawili!"

Mwoka mikate akatazama huku na huku. Alikuwa mtu asiyeweza kuona kitendawili kikiachwa hewani.

"Tega," akasema.

"Nyumba ina madirisha mawili. Moja limeshafungwa, la pili linafungwa, na mwenye nyumba anasema siku hizi jua linawahi kuzama."

Mwoka mikate akafungua kinywa ajibu. Akamtazama mzee, akakifunga. Akalivua koti polepole, akaliweka juu ya meza.

"Nakupa mji," Babu akasema hatimaye. Ndiyo maneno ya aliyeshindwa kutegua. "Si kwamba jibu silijui. Nalijua. Kulisema ndiko kunanishinda."

Akapapasa kiti, akaketi.

"Baba yangu alikufa kipofu," akaendelea. "Nilikuwa namshika mkono kumpeleka chooni, nami mdogo kuliko wewe. Basi kila asubuhi huwa nafumba jicho la kushoto, najipima kwa la kulia. Mwaka juzi niliona dirisha zima. Mwaka jana nusu. Sasa..." Akatikisa kichwa. "Nilidhani nisipoambiwa, haitakuwa."

Mwoka mikate akakohoa. "Koti litangoja, mzee. Nenda hospitali." Kitambaa kilichobaki kilitosha kizibao tu, naye alikubali, ingawa kwa kununa.

Jumatatu Mama aliuingia ule mlango wa kliniki ya macho kwa mara ya kwanza, akiwa kamshika babake mkono. Chiriku alifuata nyuma. Daktari wa macho, mwanamke kijana asiyezunguka maneno, alipima, akapima tena.

"Hii ni presha ya macho, mzee. Haiumi, ndiyo maana watu huipuuza. Jicho la kulia limekwisha, wala sitakudanganya kwamba litarudi. La kushoto bado lina nguvu zaidi ya nusu. Ukitia matone haya kila siku bila kuruka, na ukija kila miezi mitatu, tutalilinda."

"Na kama ningekuja mwaka juzi?"

Daktari alisita. "Huenda ungekuwa nayo yote mawili."

Chiriku alizikumbuka sindano zake kumi na mbili. Siku zote alidhani anasaidia.

"Babu, mimi ndiye niliyekuficha," akasema.

"Hapana, mwanangu. Aliyejificha ni mimi. Nyinyi mlinishikia pazia tu."

Daktari akaandika dawa, kisha akainua uso. "Ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Mama, na wewe njoo tukupime."

"Mimi?" Mama akacheka kidogo. Tayari alikuwa amesimama. "Mimi naona vizuri, daktari. Halafu mashuka ya wodi yananisubiri. Nitapita wiki ijayo."

Chiriku akashika kichwa kwa mikono miwili. Jamani!

"Binti yangu," Babu akasema. "Keti."

"Baba, lakini kazi..."

"Keti! Jicho langu hili halikuuawa na ugonjwa peke yake. Liliuawa na wiki ijayo. Ukweli mchungu hauondoki kwa kutotajwa. Unakaa ndani humo humo, unatafuna. Ukiutazama, angalau unajua umebakiwa na nini, ukitumie. Mimi nimebakiwa na jicho moja. Basi Jumamosi naanza kumfundisha mtoto huyu kuchora na kukata, asiwe mfumuaji maisha yake yote. Ni jambo nililolitaka miaka mingi, nikawa nangoja macho yapone kwanza. Kungoja huko ndiko ninakojutia kuliko hata jicho. Usije ukayajutia haya haya ukiwa na umri wangu."

Mama alitazama mlango. Akamtazama babake, kisha binti yake. Akarudi polepole, akaketi, akaweka kidevu kwenye chuma baridi cha mashine.

"Fumbua macho, Mama," daktari akasema.

"Nimefumbua."

"Bado. Umeyafumba kabisa."

Mama akavuta pumzi, akayafumbua.