Kifuniko cha Mtungi wa Nane

Maiti ya fundi mkuu ililala kifudifudi katika chumba cha mitungi ya gesi ya kuzimia moto, chini ya ukuta uliopasuka. Mtungi uliomuua ulikuwa kando yake, mtupu, hauna kifuniko.

"Uzembe," Mkuu wa Kituo alisema. "Kufunga vifuniko ni kazi ya fundi msaidizi. Kasahau, mtungi ukafyatuka. Mfungulie mashtaka leo leo."

Inspekta alichuchumaa kando ya mtungi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na wahalifu wengi walikwisha kuponzwa na upole huo.

Msaidizi alikuwa shemeji wa marehemu. Kwenye benchi la kituo alikaa dada yake, mjane wa tangu asubuhi. "Afande, mume wangu kafa, na ndugu yangu mnamfunga," alisema. "Nibaki na nani?"

Inspekta aliingia mahabusu. "Mtungi mnaubadilishaje?"

"Kwanza unang'oa kifyatuzi, kile kinachoachia gesi moto ukiwaka. Kisha unafunga kifuniko kwenye mdomo wa vali. Kina matundu pande zote, gesi ikiponyoka inatawanyika, mtungi hauruki. Ndipo unalegeza mikanda ya ukutani. Shemeji hakuniruhusu hata kunywa maji kabla hajavigusa vifuniko vyote kwa mkono wake."

"Mtungi ulipofyatuka wewe ulikuwa wapi?"

"Nje, nashusha mitungi mipya kwenye lori."

Inspekta alirudi kwenye chumba cha mitungi. Mitungi ya zamani ilikuwa minane. Saba ilikuwa na vifuniko, na sanduku la vifuniko lilikuwa tupu.

"Koplo, ukisahau kuvaa kofia, kofia inabaki wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Basi kifuniko cha nane kiko wapi?"

Walikikuta kwenye mtaro wa maji machafu, nyuma ya ofisi ya meneja wa jengo. Maji yalikuwa yameosha alama zote za vidole. Hata hivyo Inspekta alifurahi. Kifuniko kilifungwa, mtu akakifungua, na kwa hiyo hayo yalikuwa mauaji.

Kesho yake meneja aliitwa kituoni. Alikuta mtungi mtupu umesimama kando ya meza, mdomo wa vali ukielekea kiti cha mgeni.

"Karibu. Unaijua mitungi hii?"

"Mimi na mitungi ni mbingu na ardhi, Inspekta. Kazi yangu makaratasi."

Huku akisema, alikisogeza kiti hadi pembeni, mdomo wa vali usimtazame. Ndipo akakaa.

"Mbona umehama?"

"Jua linaniumiza macho."

"Dirisha liko nyuma yako."

Meneja aligeuka, akaliona dirisha.

"Koplo wangu kakalia kiti hicho asubuhi nzima, anakunywa chai uso kwa uso na vali, hana habari. Anayeukwepa mdomo wa mtungi ni aliyefundishwa. Nani alikufundisha?"

Meneja alitazama mlango. Koplo alikuwa amesimama pale pale. Meneja akamwaga mtama.

"Marehemu. Zamani nilikuwa fundi chini yake. Siku moja nililegeza mikanda bila kifuniko, mtungi ukamuua mwenzangu. Nikasema yeye ndiye aliyesahau. Maiti haijitetei. Nikahama, nikabadili jina. Juzi marehemu kaja jengoni, kanitambua. Akanipa nafasi: niende kwa mama wa yule mwenzangu nikaseme kweli, la sivyo angekwenda yeye."

"Ukamsubiri ageuke."

"Alipogeuka, mikanda imekwisha kulegezwa, nikafungua kifuniko, nikarudisha kifyatuzi, nikabonyeza. Nilijua watasema uzembe. Mara ya kwanza walisema."

"Mara ya kwanza hawakuniita mimi," Inspekta alisema, na hakuificha furaha yake.

Mkuu wa Kituo alikwenda mwenyewe na ufunguo wa mahabusu. "Nenda, kijana. Nilikosea," alisema. Dada mtu alimkumbatia nduguye, akilia na kucheka kwa pamoja, na kituo kizima kikapiga makofi.

Kisha mjane alimgeukia Inspekta. "Mume wangu alikuwa na safari ambayo hakuwahi kuifanya. Nipeleke."

Walimkuta mama wa yule fundi aliyekufa zamani akifagia mlangoni. Walimweleza yote. Ufagio ulimponyoka.

"Kwa hiyo mwanangu hakusahau?"

"Hakusahau, mama," mjane akamjibu.

Yule mama alinyanyua kichwa, akaita majirani kwa sauti, mmoja mmoja, waje wasikie.