Ujumbe Alioufuta Raymundi

Asubuhi hiyo Raymundi alikuwa akimwagilia vitalu vyake vya tumbaku, pale Usoke, jirani na reli. Simu yake ndogo ililia mfukoni. Alifuta mikono kwenye suruali, akasoma polepole huku midomo ikicheza.

Ujumbe ulisema binti yake, Advera, amechaguliwa na vyuo vikuu viwili. Achague kimoja na kuthibitisha. Mwishoni kulikuwa na namba ndefu.

"Mungu wangu! Wamerudi," alisema Raymundi.

Mwaka uliopita mtu asiyemjua alimpigia simu. Alidai Advera ameanguka bwenini na lazima apasuliwe. Raymundi alituma fedha zote za mbolea. Kumbe Advera alikuwa mzima, anafua nguo zake. Tangu hapo mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa alikumbusha kila Jumamosi baada ya sala: "Ujumbe wenye namba za ajabu, futa!"

Raymundi alifanya ishara ya msalaba. Akafuta. Hakumwambia mtu.

Siku tatu baadaye Advera alirudi kutoka kisimani mbio, ndoo haina maji.

"Baba, shikamoo! Mwenzangu Julieth ameshapata ujumbe wa chuo. Mimi niliandika namba yako kwenye maombi. Haujaja?"

"Marahaba. Ulikuja, nikaufuta. Wale ni matapeli."

Advera aliketi chini palepale. "Baba! Mwisho wa kuthibitisha ni kesho. Nisipothibitisha, nafasi yangu ya uuguzi inapotea!"

"Ndiyo lugha yao hiyo. Haraka, haraka, kesho mwisho. Tena vyuo viwili vimgombee mtoto wa mkulima? Hapo ndipo nilipowashtukia."

Mkewe, Imakulata, alitoka jikoni. "Baba Advera, siku hizi hata kengele ya kanisa utauliza nani kaipiga! Twendeni kwa nesi Mwanahawa. Yeye amesoma hukohuko chuo kikuu."

Mwanahawa alizaliwa Ng'ambo, Tabora mjini. Sasa alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji. Aliwasikiliza hadi mwisho. Raymundi alimtazama kwa jicho la pembeni. Mbona anatujali hivi? Atapata nini?

"Mzee wangu, hukukosea kuwa na shaka," alisema Mwanahawa. "Ulikosea kufuta kabla ya kuuliza. Mwombaji anaweza kuchaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja. Kwa hiyo anatumiwa namba ya siri, achague anakotaka kwenda. Ikipotea, anaiomba upya kwenye akaunti yake ya maombi."

"Na akaunti ya mwanangu itafunguliwa kwenye simu yako?"

"Itafunguliwa na yeye. Neno la siri ataandika mwenyewe. Mimi sitazami." Mwanahawa alimpa Advera simu, akageukia ukuta.

Akaunti ilifunguka. Majina ya vyuo yalikuwa mawili, kama ujumbe ulivyosema. Kimoja kilimpa masomo ya maabara. Cha pili, chuo kikubwa cha serikali, kilimpa uuguzi.

"Miaka minne," alieleza Mwanahawa, bado akitazama ukuta. "Darasani na wodini. Halafu mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Si mchezo, Advera."

"Naujua ugumu wake, dada. Nataka huo huo."

Advera aliomba namba upya. Mara simu ya Raymundi ililia. Aliishika, akaifunika kifuani.

"Nikiisoma, fedha zangu haziondoki?"

"Kusoma hakuondoi kitu," alisema Mwanahawa. "Namba hiyo ni ya Advera, naye yuko mbele yako. Ila akikupigia mtu kuitaka, hata akisema yeye ni mimi, usimpe!"

Raymundi alifumba macho, akasali kimoyomoyo. Kisha akasoma tarakimu moja moja. Advera aliandika, akachagua uuguzi. Kioo kikaonyesha: umethibitisha.

"Sasa funga akaunti, usiache kitu kwenye simu yangu," alisema Mwanahawa.

Raymundi alimtazama, safari hii usoni. "Ahsante, mama. Jumamosi njoo uwaeleze wenzangu wa jumuiya. Tumefuta mengi."

Miezi miwili ikapita. Mchana mmoja namba ngeni iliita kwenye simu ya Raymundi.

"Baba, shikamoo! Ni Advera. Nimepata laini mpya hapa chuoni."

"Advera yupi? Bibi yako mzaa mama alibatizwa jina gani?"

"Jamani, Baba! Bertila."

"Alikuwa anakuchapa kwa nini?"

"Nilikuwa namwibia karanga!" Advera alicheka mpaka akakohoa.

"Marahaba, mwanangu," alisema Raymundi. "Haya, leo mmesoma nini?"

"Mifupa ya mkono, Baba. Kiganja na vidole tu vina mifupa kumi na tisa."

Raymundi aliugeuza mkono wake wenye udongo wa vitalu, akaanza kuihesabu.